Salamu Nilizotuma Jukwaani

Sehemu ya Saba

Mliniacha kwenye basi la alfajiri, tukiteremka kutoka milima ya Zacatecas kwenda Guadalajara kusikiliza bendi: mimi, mjukuu wangu Zulema, na Chole, jirani yangu aliyemshika Zulema siku ya ubatizo. Tangu siku ile mimi na Chole tunaitana comadre, na tangu siku ile hatujamaliza kugombana.

Kwa aliyechelewa kuanza, mambo ni haya. Jina langu ni Petronila Lugo, wa kijiji cha El Carrizalillo. Natengeneza jibini. Shule niliachia darasa la tatu. Binti yangu Rosaura alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi, akaniachia Zulema akiwa na miaka mitatu. Mwaka uliofuata nilimwambia mtoto kwamba mama yake amefariki.

Nikamchimbia na kaburi. Ndani tulifukia boksi la viatu lenye msuko wa nywele ambao Rosaura aliukata asubuhi aliyoondoka. Kwa miaka kumi na moja Zulema amelifagia kaburi lile, na kila Siku ya Wafu amelipamba maua ya njano na kuweka mkate na chokoleti ya moto, ili mama yake akifika asikute patupu.

Baadhi yenu mmemwandikia mhariri mkisema nilifanya vile kumlinda mtoto. Mmeniita bibi mwenye subira. Subira ninayo, hilo ni kweli. Lakini someni ya wiki hii kwanza.

* * *

Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, kwenye uwanja wa mashindano ya farasi nje kidogo ya mji. Jua lilikuwa kali. Ngazi za saruji zilikuwa zimejaa kofia mpaka juu, huwezi kuona kichwa cha mtu.

Zulema alikuwa ametimiza miaka kumi na mitano, umri ambao kwetu msichana hufanyiwa sherehe kubwa. Gauni kubwa la sherehe alilikataa, na keki ya ghorofa akaikataa. Alitaka vitu viwili tu: kofia nyeupe, na kuwaona Los Alazanes kwa macho yake. Ile bendi yao ya watu kumi na sita, wote suti za rangi ya damu ya mzee, na Chano, mwimbaji wao, ambaye picha yake ilikuwa ukutani kwetu karibu na ya Bikira.

"Comadre," Chole aliniambia getini, "tumbo lako limeshaingia. Wewe utaingia lini?"

"Nisukume basi, badala ya kuropoka."

"Nikikusukuma utabiringika mpaka jukwaani, watadhani wewe ndiye ngoma."

Zulema alicheka mpaka akashika ubavu. Niliuangalia ule ucheko, nikasema moyoni, huu ni wangu. Nimeulea mimi. Hakuna wa kuuchukua.

Tulikaa mstari wa saba. Bendi ikaingia. Lile tarumbeta kubwa wanalovaa begani lilipopumua mara ya kwanza, nililisikia kwenye meno. Zulema alinishika mkono akalia kwa furaha. Wimbo wa pili ulipokwisha, akatoa kalamu mfukoni.

"Bibi, tuandike salamu!"

Kila anayekwenda kwenye bendi hizi anajua. Unaandika jina, kijiji, na neno lako, unakunja, unapitisha karatasi mkono kwa mkono mpaka mbele. Pale ukingoni mwa jukwaa kuna kofia imepinduliwa, ndimo zinamotupwa. Mwimbaji huchota kiganja kimoja kati ya wimbo na wimbo, anasoma. Kijiji chako kikitajwa, utasimulia mpaka uzeeni.

"Andika wewe," nikamwambia. "Mwandiko wangu unajua ulivyo, kama kuku kapita kwenye unga."

"Huo huo ndio ninaoutaka. Andika, Bibi. Leo ni siku yangu."

Karatasi hatukuwa nayo. Nilichana ile ninayofungia jibini, nikaweka pajani, nikaandika taratibu, herufi moja moja:

*Salamu kwa Zulema Lugo wa El Carrizalillo. Leo miaka 15. Kutoka kwa bibi yake Petronila. Mama yake Rosaura yuko mbinguni anamsikiliza.*

Chole alisoma juu ya bega langu. Akanifinya.

"Ya mwisho hayo ya nini?"

"Ya kumpa mtoto raha."

"Kaburi halikukutosha," alininong'oneza, "sasa unataka na spika?"

Alikuwa amepatia. Mwaka ule Zulema alikuwa ameanza maswali. Mama alifia hospitali gani? Cheti kiko wapi? Mbona hatuna hata picha ya mazishi? Mimi nikiulizwa hayo nilikuwa najitia kukoroga maziwa. Nikaona, jambo hili likitamkwa na Chano mwenyewe mbele ya watu elfu sita, Zulema hataulizia cheti tena.

Nilikunja karatasi. Nikampa mzee wa mbele yangu. Mzee akampa mama mwenye mtoto mgongoni, mama akampa kijana, na kijana akampa mlinzi. Nikaiona ikitumbukia kwenye kofia.

"Imefika!" Zulema akapiga makofi.

Imefika kweli.

* * *

"Bia! Soda! Karanga za pilipili na ndimu!"

Mwuza vinywaji alikuwa akipanda ngazi na ndoo nyekundu ya barafu, kofia ya ukindu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Zulema akampungia.

"Soda moja, mama!"

"Mrembo wangu, kofia mpya, viatu vipya! Leo ni siku yako?"

"Natimiza kumi na tano."

"Hongera! Mama yako yuko wapi akununulie?"

"Alifariki. Nimekuja na bibi."

Yule mwanamke akaweka ndoo chini. Akafungua kifuniko cha soda kwa kifungulio alichofunga kiunoni, na mkono wa shati ukapanda.

Nikaliona kovu. Lilizunguka kifundo cha mkono, jekundu, kama bangili. Rosaura alikuwa na miaka sita alipoangukia kaango la chapati za mahindi. Mimi ndiye niliyempaka asali. Mimi ndiye niliyempulizia mpaka akalala. Kumbe alikuwa amerudi upande huu wa mpaka.

Nikauvuta mtandio, nikajifunika uso wote.

"Pole, mwanangu," sauti ile ikasema. Ilikuwa imekwaruza kidogo, lakini ningeijua hata chini ya maji. "Na mimi nilikuwa na wa kwangu. Angekuwa na umri kama wako. Shika karanga hizi. Kula, leo si za kuuza."

"Asante. Aliitwa nani?"

Nikauuma mtandio.

"We mwenye ndoo!" mtu akaita kutoka juu. "Sisi huku tunakufa na kiu!"

"Nakuja, usife kabla hujalipa!" akamjibu. Akabeba ndoo. "Na bibi vipi, mbona kajifunika? Anaumwa?"

"Jua," Chole akasema haraka, uso ameuinamisha chini ya kofia. "Macho yake hayapatani na jua."

Akaenda zake. Chole hakuniangalia. Alikuwa amelitambua kovu kama mimi.

* * *

Sasa mnajiuliza: kwa nini Rosaura anasema *angekuwa* na umri kama wako?

Hili nimewaficha wiki sita. Leo nalitoa.

Rosaura hakumtupa mtoto. Kila Jumapili alipiga simu kwenye duka la kijijini, mwenye duka akatuma mtu kuniita. Jumapili moja akaniambia, "Mama, nimepata chumba. Nimepata na kazi isiyo ya usiku. Desemba nakuja kumchukua Zulema."

Nilirudi nyumbani. Zulema alikuwa amelala katikati ya kitanda changu, mikono ameitupa huku na huku. Nikamtazama wiki nzima. Jumapili iliyofuata simu ilipoita, nikaishika, nikasema:

"Usije, mwanangu. Homa imemchukua. Tumeshazika."

Alilia mpaka mtu mwingine akachukua simu upande wa pili, akaanza kunisemesha kwa lugha nisiyoijua. Nikakata. Nikanunua sukari kilo moja, nikarudi nyumbani. Jioni hiyo hiyo nikamwambia mtoto kwamba mama yake amekufa. Mwenye duka nikamwomba asipokee tena simu ya Rosaura.

Kwa hiyo nilichimba kaburi moja, lakini nilizika watu wawili. Mama nilimzikia mtoto, na mtoto nikamzikia mama. Chole alijua. Chole alishika koleo.

Na sasa karatasi yangu, yenye jina langu, la kijiji, la Rosaura na la Zulema, ilikuwa ndani ya kofia pale mbele.

* * *

"Nakwenda msalani," nikasema.

"Choo kiko kule, Bibi, unakwenda wapi?"

"Najua ninakokwenda."

Nilishuka ngazi kwa makalio. Mlinzi wa jukwaa alikuwa mtu mpana kama kabati.

"Doña," akaniita kwa heshima, "mwisho hapo."

"Nataka karatasi yangu."

"Kila mtu anataka yake isomwe kwanza."

"Mimi nataka yangu isisomwe."

Akacheka mpaka akaegemea uzio. "Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuisikia! Umemsalimia mume wa mtu?"

"Kwa umri huu?"

"Ninyi wa umri huo ndio wabaya. Mama yangu mwenyewe simwamini. Haya, tafuta upesi, Chano akimaliza wimbo huu anazichukua."

Akanisogezea kofia. Ilijaa pomoni. Mimi nasoma kwa kidole. *Kwa Lucha wangu wa...* Si hii. *Kwa vijana wote wa karakana ya...* Si hii. Nilikuwa natafuta ile karatasi ngumu yenye mafuta ya jibini, ngoma inapiga kichwani mwangu. Nikaigusa. Naapa niliigusa, ncha yake.

Mkono wenye pete tatu ukashuka kutoka juu, ukaibeba kofia yote.

"Asante, doña!" Chano akaniambia, akanikonyeza. "Tuone nani anapendwa leo!"

Alisoma ya kwanza, watu wakapiga kelele. Akasoma ya pili. Ya tatu aliinusa kwanza.

"Jamani, hii inanukia jibini!" Uwanja ukacheka. "Sikilizeni. Salamu kwa Zulema Lugo wa El Carrizalillo, leo miaka kumi na mitano! Kutoka kwa bibi yake Petronila. Mama yake Rosaura..." Akashika kifua. "Mama yake Rosaura yuko mbinguni, anamsikiliza."

Aaah, uwanja wote ukaguna.

"Kofia chini, wanangu," Chano akasema. "Kwa mama huyo."

Watu elfu sita wakavua kofia. Mtu mmoja tu hakuvua. Alikuwa katikati ya ngazi, mstari wa ishirini hivi. Nilimwona akisimama wima, mikono imeachia. Ndoo nyekundu ikapiga saruji, na makopo ya bia yakaanza kubiringika kushuka, moja baada ya jingine, kati ya miguu ya watu walioinamisha vichwa kumwombea yeye.

* * *

"Tuondoke," nikamwambia Zulema.

"Bibi! Kanitaja! Umesikia? Chano kanitaja mimi!"

"Nimesikia. Mguu unaniuma. Twende."

"Wameimba nyimbo sita tu."

"Mguu gani?" Chole akauliza. Macho yake yalikuwa makavu. "Wa kulia ulikuuma Januari. Sasa ni zamu ya kushoto?"

"Chole, nyamaza."

"Nimenyamaza sana, comadre. Mpaka taya zimeniota kutu."

Nilimvuta Zulema kwa mkono. Akajinasua. Katika maisha yake yote hakuwahi kujinasua mkononi mwangu. Akanitazama vizuri, kama mtu anayetazama jibini kama limeharibika.

"Bibi, kuna nini?"

Wimbo ulikuwa umekwisha, na Chano alikuwa ameshika kipande cha katoni la bia.

"Leo nimeletewa kila aina ya karatasi," akasema. "Hii nayo: Kwa Doña Petronila Lugo wa El Carrizalillo. Ah, yule wa jibini! Haya, doña, una wapenzi wengi. *Mimi siko mbinguni. Niko hapa, nauza bia.*"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Watu walipiga mapaja. Mzee wa mbele yangu alicheka mpaka meno ya bandia yakatoka nusu.

"Mbinguni nako kuna bia?" Chano akatania. "Basi kesho naungama dhambi zote!"

Halafu akaendelea kusoma kimoyomoyo, na kicheko kikamkauka usoni. Akaisoma mara mbili. Akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Akageuka akawaambia wenzake wapige kitu cha polepole.

Zulema hakuwa anacheka.

"Bibi, nani kaandika vile?"

"Walevi. Walevi hawakosi mzaha."

"Mlevi kajuaje unatoka wapi?"

"Si Chano kasoma? Uwanja mzima unajua."

Lilikuwa jibu zuri. Nililiona likianza kumwingia. Kwa uso ule ule mtulivu mnaousifu kwenye barua zenu, nikamrekebishia ukosi, nikamfuta jasho juu ya mdomo. Alikuwa anarudi kwangu, msomaji. Alikuwa karibu kabisa.

Halafu akamgeukia Chole.

"Shangazi Chole. Mama yangu yuko ndani ya lile kaburi?"

Chole akamenya karanga. Akaitia mdomoni. Akaitafuna mpaka ikaisha.

"Usiniulize mimi, mwanangu," akasema. "Mimi nilishika koleo tu. Boksi lilikuwa jepesi."

* * *

Zulema hakupiga kelele. Ningejua la kufanya kama angepiga kelele.

Alichukua tiketi yake ya bendi, ile aliyosema ataitia fremu, akaigeuza. Akaandika mistari miwili. Hakuipitisha mkono kwa mkono. Alishuka nayo mwenyewe, ngazi mbili mbili, na yule mlinzi mpana kama kabati akamwona uso, akafungua uzio bila kuuliza neno.

Chano akasoma huku bendi ikiendelea chinichini. Akainua mkono. Tarumbeta zikanyamaza, klarineti zikanyamaza, mwisho kabisa ngoma.

"Wanangu," akasema, "hii si salamu. Hili ni ombi, na mimi nawaomba mlitii." Akasoma: "*Watu wote vaeni kofia. Mama, kama uko hai na uko hapa, vua wewe peke yako.*"

Mwanzoni watu walidhani ni mchezo. Halafu wakamwona msichana aliyesimama chini ya jukwaa, wakanyamaza. Kofia zilizokuwa bado mapajani zikarudi vichwani, mstari kwa mstari, mpaka juu kabisa.

Nilisali. Ndiyo, nilisali. Nilimwomba Bikira ampe binti yangu woga.

Kule kwenye ngazi, katikati ya kofia zile zote, kichwa kimoja kikabaki wazi. Nywele alikuwa amezikata fupi, na pembeni zilikuwa na mvi. Nilimzaa mimi yule, na sikujua kama ameshaota mvi.

Watu wakampisha. Alishuka polepole na ndoo yake tupu, akipita juu ya makopo yake mwenyewe. Zulema naye akapanda. Wakakutana mstari wa saba, hatua tatu kutoka nilipokaa. Rosaura akaweka ndoo chini.

"Ni wewe uliyenipa karanga," Zulema akasema.

"Jina lako," Rosaura akasema. "Taja mwenyewe. Nataka kulisikia kutoka kwako."

"Zulema."

"Zulema wangu alikufa kwa homa. Nimemwashia mshumaa miaka kumi na moja."

"Nani alikuambia?"

Rosaura hakunyoosha kidole. Hata hakugeuka. Alisema tu, "Aliyekuambia wewe kuhusu mimi."

Nikasimama. Nikaweka ile sauti yangu ya kumwita mtoto kula.

"Zulema, mwanangu, njoo kwa bibi. Mwanamke huyu simjui."

Wakanitazama wote wawili kwa pamoja. Sikuwahi kuona jinsi macho yao yalivyofanana. Nilihakikisha hayakutani.

"Mama," Rosaura akasema taratibu, "ni wewe uliyenipaka asali hapa." Akaninyooshea kifundo cha mkono.

Zulema akaligusa lile kovu kwa kidole kimoja. Akalizungusha lote, mpaka kidole kikarudi kilipoanzia. Kisha akaja kwangu, akanyoosha mkono wake.

Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili. Nikaanza kulia kwa shukrani.

"Kofia yangu, Bibi," akasema. "Umeikalia."

Nikajiinua, nikaitoa. Ilikuwa imebonyea. Hakuinyoosha. Aliivaa vile vile, akainama akaokota ile ndoo nyekundu, akashika upande mmoja wa mshikio, na Rosaura akashika upande wa pili. Wakaanza kushuka kuelekea getini.

* * *

Labda ningebaki pale nimekaa. Labda ningetafuta basi la jioni nikarudi kwenye jibini langu. Lakini uwanja ulikuwa umeona hadithi nzuri, na watu wakiona hadithi nzuri hawakubali ikatike.

"Bibi naye!" mtu akapiga kelele. "Bibi yuko wapi?"

"Bibi apande! Apande! Apande!"

Wao walidhani ni mkasa wa furaha. Mama aliyepotea, bibi aliyelea kwa machozi, bendi iliyowakutanisha. Walikuwa wanalia na kupiga makofi. Nikajikunja ndani ya mtandio wangu niwe mdogo.

Mkono ukainuka kando yangu. Ulikuwa wa Chole.

"Huyu hapa!" akapiga kelele. "Petronila Lugo, huyu hapa!"

"Chole! Unanifanyia nini?"

"Miaka kumi na moja nimekubebea, comadre. Leo kabebe mwenyewe."

Walininyanyua. Sijui ni mikono mingapi. Walinipitisha juu kwa juu, mkono kwa mkono, kama nilivyoipitisha ile karatasi, viatu vikanidondoka, mpaka nikawekwa jukwaani pekupeku mbele ya suti kumi na sita za rangi ya damu ya mzee.

Chano alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akainama sikioni mwangu.

"Doña, ile ya katoni nimeisoma yote," akasema. "Na mimi nimelelewa na bibi. Ndiyo maana sitaisoma mimi. Waambie wewe." Akanikabidhi kipaza sauti. Kilikuwa na joto la mkono wake.

Makofi yakakatika.

Kule getini wale wawili walikuwa wamesimama. Rosaura alikuwa amenigeukia, kichwa wazi. Zulema alikuwa amenipa mgongo, kofia imebonyea, mkono bado uko kwenye ndoo. Alikuwa anasikiliza. Namjua akiwa anasikiliza, bega lake la kushoto hupanda kidogo.

Nilikuwa na maneno mawili mdomoni. La kwanza ni hili mnalolijua ninyi. La pili nilikuwa nimelitunga wakati nikipitishwa juu ya vichwa vya watu: kwamba Rosaura alimuuza mtoto, kwamba nilimkomboa, kwamba kaburi nililichimba ili asijue mama yake ni mtu wa namna gani. Hilo lingemgeuza Zulema. Hilo lingemrudisha kwenye kitanda changu, kwenye jiko langu, nikifa anifumbe macho.

Na nilikuwa na spika, zile zile nilizozitaka.

Nikavuta pumzi. Ikasikika uwanja mzima, kubwa, ya mzee. Zulema akageuka.

"Mjukuu wangu," nikasema, na sauti yangu ikanirudia kutoka pande zote nne. "Mwanamke huyo uliyeshika naye ndoo..."

(Itaendelea wiki ijayo.)